Kwa Voahirana, Aliyelala Nje ya Kaburi la Ukoo

Mwaka umetimia leo, Voahirana, tangu ulipolazwa mahali ambapo si pako.

Tungependa kuandika kwamba tulikulaza sisi, ila wewe uongo ulikuwa ukiunusa kama panya aliyefia nyuma ya gunia. Walikulaza watu wanne waliofunikwa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi nyayoni. Sisi tulisimama ng'ambo, kwenye tuta la shamba la mpunga, mbali kiasi kwamba hatukusikia udongo ukianguka. Mama mkwe wako, Ramavo, aliwapazia sauti akiuliza kama kichwa wamekielekeza mashariki. Mmoja akainua mkono: ndiyo. Hadi leo Ramavo hajui kama ile ndiyo ilikuwa ya kweli, au ni mtu aliyekuwa anachemka ndani ya nguo zake na anataka kwenda zake.

Wengi watakaosoma haya walikujua. Wachache walikuwa wakikukimbia njiani. Wote wasome.

Ulikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu cha Ambatolava kwa miaka tisa, bila mshahara. Mradi wa afya ulikupa fulana ya rangi ya chungwa, begi, filimbi, baiskeli na cheti. Cheti mumeo Ratsimba alikitundika chini, kwenye chumba cha bata na magunia, akasema bata nao wana haki ya kujua wanalala nyumba moja na nani. Hukukiondoa. Ulisema hao bata ndio wasikilizaji wako bora, maana kila neno wanaliitikia.

Sauti hukujaliwa. Hilo hatukuliandika ulipokuwa hai kwa sababu ungetujibu. Kila Jumamosi sokoni ulipuliza filimbi, ukasimama kati ya wauza viazi na wauza kofia za ukindu, ukaimba ule wimbo wako wa tauni, beti saba, bila ala wala huruma. Shemeji yako Zafy alikuwa akipita na kuku wake wawili kwapani anakuchokoza:

"Shemeji, viroboto wakisikia hiyo sauti watahama wenyewe. Dawa ya nini tena?"

"Basi sogea karibu, shemeji," ulimjibu, "nione kama na wewe utahama."

Watu walicheka, na wakicheka walibaki, na wakibaki uliwaeleza. Panya akifa ndani ya nyumba bila kuuliwa, usimshike, usimfagie, njoo uniite. Viroboto wake wanatafuta mwenyeji mpya na mwenyeji ni wewe. Ukipata homa ya ghafla, njoo. Ukiona mtoki kwenye kinena au kwapani, usinionee haya, nimeshaona vinena vya kijiji kizima na hakuna hata kimoja cha kujivunia. Ndani ya siku moja, dawa inakuwahi. Siku ya pili tunabahatisha. Siku ya tatu mniite nije kuimba tu.

Hayo uliyasema miaka tisa. Hata watoto wanaochunga bata wanayajua.

Ulitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni, na mara nyingi ulikuwa umekiacha kweli. Ramavo aliteseka na jambo hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa yenu. Aliwaambia majirani: "Mwanangu ameoa mpishi wa ukoko. Wali ukitokea ni bahati." Nawe ulikuwa ukimmiminia maji ya moto kwenye ukoko, kama tunywavyo sote baada ya chakula, unamletea kikombe kwa mikono miwili na adabu zote. "Kunywa, Mama. Kwa wenzako maji haya ni mepesi kwa sababu wakwe zao hawajui kuunguza." Alikunywa akinuna. Mwaka wa pili alikunywa bila kununa. Mwaka wa tatu ulikwenda kwenu siku nne kumzika mjomba, na Zafy alimkuta mama yake jikoni akiunguza wali kwa makusudi, kwa sababu wa kwake haukuwa na ladha.

Kulikuwa na kazi nyingine uliyoifanya, haikuwa kwenye cheti. Nyumba ikipata tauni, watu hawanunui tena mchele wa nyumba hiyo, hawakai benchi moja nao kanisani, hawaazimi hata ungo. Rasoavelo wa bondeni alipompoteza mwanawe wa pekee, ulibeba mchele wake sokoni ndani ya magunia yako, ukauuza kama wako. Ukaandika majina ya wajane na wazee kwenye orodha ya chakula cha msaada cha miezi ile mibaya kabla ya mavuno. Uliandika kila nyumba iliyostahili isipokuwa yetu. Ratsimba alikuuliza mbona. Ulisema, "Mtu akiona jina la mume wangu humo, atasema najilisha mwenyewe. Sisi tutakula utani." Basi mwaka huu, Voahirana, viazi vyetu vilipokuwa havinunuliki na ghala la mchele limebaki vumbi, tulikwenda kuangalia orodha. Hatumo. Mwandiko wako mzuri, majina ya watu wote, na sisi hatumo. Tulikula utani kwa wiki sita.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengine wanalisema pembeni. Tumeona bora tuliseme sisi, na Ramavo ndiye aliyetaka liandikwe.

Kwetu huku nyumba ni ya udongo na kaburi ni la mawe. Ulikuwa unatusema kwa hilo: "Nyinyi watu mna kaburi lenye mlango wa chuma, na choo chenu kina pazia la gunia." Lakini hata wewe ulilipenda kaburi la ukoo. Miaka mitano iliyopita, tulipolifungua kuwavisha wazee wetu sanda mpya na kucheza nao kama ilivyo desturi yetu, ulicheza na mifupa ya baba mkwe wako mabegani kuliko mtu yeyote. Ramavo alikushika mkono akakuingiza ndani, akakuonyesha kitanda cha jiwe upande wa kusini.

"Hapa ni mimi," alisema. "Na hapa ni wewe, upande wa ukutani."

"Kwa nini ukutani, Mama?"

"Kwa sababu unapiga mateke usingizini."

"Umejuaje?"

"Ratsimba ana alama."

Mlicheka humo ndani mpaka waliokuwa nje wakadhani wazee wameamka. Tangu siku ile Ramavo hakukuita tena mke wa mwanangu. Alikuita mwenzangu wa kitandani.

Na sheria tunaijua wote, uliifundisha wewe: aliyekufa kwa tauni haingii kwenye kaburi la ukoo. Anazikwa mlimani, na hafunguliwi mpaka ipite miaka saba, kwa sababu ugonjwa hauishi na pumzi yake. Ndiyo maana watu huku wanaficha wagonjwa. Dawa hawaiogopi. Wanaogopa jina la ugonjwa kuandikwa. Ulikuwa ukilia kwa ajili ya watu hao, ukirudi nyumbani unasema, "Wamemtunzia mtoto kaburi, wamemnyima kidonge." Ramavo alikuwa anatikisa kichwa pamoja nawe. "Wajinga," alisema.

Jumatatu ile ulikuta panya watatu wamekufa chini, kati ya magunia na kile cheti. Ulitutoa sote kwenye chumba, ukamwaga dawa ya viroboto peke yako. Jioni ukasema kichwa kinakuuma. Ratsimba alikuwa amesafiri na mkokoteni wa ng'ombe kupeleka viazi mjini, safari ya siku tatu. Usiku homa ikakupanda. Asubuhi ulijipapasa kinena, ukamwita Ramavo, ukamwambia kwa utulivu kama mtu anayeagiza chumvi:

"Mama, ni mtoki. Mtoe Mialy alale kwa Zafy. Mtume Zafy zahanati sasa hivi, amwambie nesi aje na dawa."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Ramavo.

Akamtoa mjukuu wake. Akashuka ngazi. Zafy alikuwa uani anachonga mpini.

"Vipi Shemeji?" aliuliza.

"Ana malaria," alisema mama yake.

Zafy alimtazama. Tunakuandikia na hili pia, kwa sababu Zafy mwenyewe amesema liandikwe: alijua si malaria. Alimtazama mama yake usoni akaona analoliona, naye akalikubali kwa kunyamaza. Akaendelea kuchonga mpini.

Usidhani Ramavo alikaa akapima kwamba huku ni dawa na kule ni kaburi. Hakufikiri kwamba anachagua. Alifikiri anakutunzia nafasi yako. Kama ni malaria utapona, alijiambia. Na kama si malaria, Mungu ndiye ajuaye, lakini angalau hakuna atakayeandika jina, na mwenzangu wa kitandani atalala ukutani. Alikukanda kwa maji. Alikuchemshia majani. Aliyekuja kuuliza aliambiwa mlangoni: malaria tu, na uchovu wa kuimba.

Siku ile ya pili ulimuuliza mara nyingi kama nesi amefika.

"Yuko njiani," alisema.

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Mama," ulisema, na midomo yako ilikuwa imepasuka, "huyo nesi anatembea kwa magoti?"

Ramavo alicheka. Hilo ndilo linalomwamsha hadi leo. Kwamba ulimchekesha, naye akacheka, na bado hakushuka ngazi.

Ratsimba alirudi alfajiri ya Alhamisi. Alikubeba mgongoni, akakuweka kwenye mkokoteni juu ya magunia matupu ya viazi, akawachapa ng'ombe ambao hajawahi kuwachapa. Nesi alikudunga sindano pale pale kwenye mkokoteni. Kabla ya saa sita ulikuwa umekwisha. Nesi aliosha mikono muda mrefu, kisha akasema, "Mngemleta juzi." Mngemleta juzi. Katika nyumba zote za Ambatolava, nyumba iliyoujua wimbo wako mzima, beti zote saba, ilikuwa ni yetu.

Sote tulimeza vidonge kwa wiki nzima. Hakuna mwingine aliyeugua. Vidonge vinafanya kazi, Voahirana, ulikuwa unasema kweli.

Baada ya miezi miwili alikuja kijana mmoja wa ofisini, mwenye adabu sana, kuchukua baiskeli, begi na filimbi. Alisema ni mali ya mradi. Ratsimba akamuuliza, na huyu aliyekufa ndani ya fulana yenu ni mali ya nani? Kijana akasema pole, yeye ametumwa vitu tu. Fulana hakuitaka, ilikwisha kuchomwa moto. Cheti alituachia. Baiskeli haijapata mwingine wa kuipanda. Kazi yako ilitangazwa kanisani mara tatu, watu wakatazama miguu yao. Mwezi wa nne nyumba mbili zaidi zilificha wagonjwa wao, kama tulivyofanya sisi, kwa maneno yale yale: malaria tu. Mlimani sasa mna vilima vipya vinne vya makaburi. Tungependa kukuambia kwamba kifo chako kimewafundisha watu. Hakijawafundisha.

Tuje kwenye korongo.

Unalijua korongo lililo upande wa chini wa mlima ule. Zamani tulikuwa tunatupia humo viatu vibovu. Limeamka. Siku ya maziko yako, wale wanne walipokwisha kuondoka, Ratsimba alipima kutoka ukingo wa korongo hadi kilima chako: hatua arobaini na moja. Hakupima kwa sababu yoyote, alipima kwa kuwa miguu ilikuwa haina pa kwenda. Mvua zikaja. Kila Jumapili alipima tena. Thelathini na tano. Thelathini. Usiku mmoja wa mwezi wa pili udongo mwekundu uliporomoka na mti mzima umesimama juu yake, na asubuhi zilikuwa ishirini na mbili. Tulipeleka mawe kwa mkokoteni, tukapanda mikonge, tukachimba mfereji wa kugeuza maji. Korongo likameza mawe, likameza mikonge, na mfereji likaufanya mlango. Mvua zilipokatika zilibaki hatua kumi na tisa.

Miaka iliyobaki ni sita. Mialy yuko darasa la nne, alifanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye kona ya daftari, akaikunja kona.

Ratsimba aliandika barua kwa ofisi ya afya kuomba ruhusa akuhamishe mapema. Jibu lilikuja, fupi na la heshima. Miaka saba. Walisema wanasikitika, na tunaamini walisikitika. Ni wewe uliyetufundisha sababu, hatuwezi kujifanya hatuijui.

Ila wiki iliyopita mawingu yalianza tena kujipanga nyuma ya mlima, na Ratsimba akasema basi.

Jumamosi, siku ya soko, kijiji kilipobaki kitupu, walipanda watatu: Ratsimba na jembe, Zafy na jembe na glavu alizonunua kwa muuza rangi, na Ramavo na sanda. Sanda hiyo aliifuma mwenyewe mwaka mzima, hariri tupu, akikaa karibu na dirisha mpaka jicho la kushoto likaanza kuona ukungu. Ufunguo wa kaburi la ukoo ulikuwa shingoni mwake. Mwenyekiti wa kijiji, tunajua unasoma haya. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Walipofika, Ratsimba alipima. Kumi na tisa. Akapiga jembe mara moja, udongo ukatoka mwekundu na laini. Akainua la pili, na Ramavo akaenda akaketi juu ya kilima chako, sanda mapajani, kama mtu aliyechoka njiani.

"Mama, ondoka hapo," alisema Ratsimba.

"Nimekaa."

"Naona umekaa. Ondoka, watu watarudi."

"Warudi."

Zafy alivua glavu moja. "Mama, tukifanya haraka hakuna atakayejua. Tunamfunga vizuri, tunamwingiza, tunafunga mlango. Wewe ndiye uliyelia mwaka mzima."

"Nimelia, ndiyo."

"Na sanda umefuma wewe."

"Nimefuma mimi. Unadhani imejifuma?"

"Sasa unataka nini?" Ratsimba alisema. "Unaona hilo shimo? Mvua mbili, tatu, mke wangu anakwenda mtoni na matope. Hatutapata hata mfupa wa kidole. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Silitaki."

"Basi ondoka."

Ramavo hakuondoka. Alikuwa anavuta nyuzi za pindo la sanda, moja moja.

"Mwaka jana alilala juu ananiita," alisema, "na mimi nilikuwa nawaza kaburi. Nililitazama kaburi, yeye sikumtazama. Leo mnaniambia nilitazame tena. Sikilizeni, ninyi wanangu. Huyu alitembea miaka tisa kuwaambia watu wasifungue. Walimcheka, walimrushia maganda, akawaambia. Yule pale hatua tatu ni mtoto wa Rasoavelo. Mkimtoa huyu leo, kesho Rasoavelo atakuja na jembe lake, na wa kumwambia acha ni nani? Mimi? Keshokutwa watakuja wale wengine. Na kaburi letu tutalifunguaje bila watoto kushika, kucheza, kubeba? Mialy atambeba mama yake, mnafikiri mtamzuia? Akipata homa, nani atashuka ngazi?"

Akavuta uzi mwingine.

"Nani atashuka?" aliuliza tena. "Maana mimi mmeniona."

Zafy aliketi kwenye majani akavua na glavu ya pili. Alijaribu, unamjua, alijaribu kusema kitu cha kuchekesha. Alisema, "Shemeji angekuwepo angetuimbia." Kikatoka kilio badala yake. Ratsimba alilaza jembe chini. Kisha akarudisha ule udongo alioutoa, akaukandamiza kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Walishuka kabla ya watu kurudi kutoka sokoni. Ramavo alirudi na sanda yake. Hariri haiachwi juu ya nyasi.

Kwa hiyo hatutakuchimba, Voahirana. Tumelikubali, ingawa kukubali si neno lake. Korongo likifika, litafika. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, na Ratsimba amepima: kumi na nane.

Tunajua ulivyo. Utasema tumefanya vizuri, utatusifu, utatugawia vidonge. Usitusifu. Hatujisikii vizuri. Tunajisikia kama watu waliokutupa mara mbili, mara ya kwanza kwa kukupenda vibaya, na mara hii kwa kukutii.

Limebaki jambo moja, nalo Ramavo ametuagiza tuliandike hapa mbele ya watu wote, asije mtu akabisha siku yake ikifika. Amempa Zafy ufunguo wa kaburi. Kitanda chake cha jiwe na chako, amesema, wapewe wengine, ukoo unazidi na mawe hayazidi. Yeye akifa, azikwe mlimani pamoja nawe. Tumebishana naye tangu Jumamosi. Tumemwambia yeye hana tauni, hakuna sheria inayomzuia kuingia kwa mumewe na wazee wake. Tumemwambia watu watasema tumemfukuza mama yetu kwenye kaburi lake. Ratsimba alipiga magoti. Amekataa, na amechagua na upande. Hataki upande wa mashariki wenye majani mazuri. Anataka upande wa chini, kati yako na korongo, ili likija limkute yeye kwanza.

Mtabanana huko. Piga mateke utakavyo, amesema hatalalamika.

Wanaokukumbuka ni mumeo Ratsimba, binti yako Mialy, mama mkwe wako Ramavo, shemeji yako Zafy na mkewe Bodo na watoto wao, kaka zako na dada zako wa ng'ambo ya mto, na Rasoavelo wa bondeni, ambaye ameomba jina lake liwekwe kati ya ndugu, nasi tumeliweka.

Popote maji yatakapokupeleka, tutakukumbuka.